Siku Tatu Juu ya Chaki: Winchester hadi Reading kwa Baiskeli

Shemeji alishuka kwenye treni kutoka Southampton na baiskeli yenye bei ya bajaji. Sitii chumvi. Fremu ya kaboni, breki za diski, tairi pana za njia za kokoto zisizo na tyubu ndani, ila maji meupe mazito ambayo, kwa maelezo ya muuzaji, huziba tundu lenyewe ukiwa bado unakanyaga pedeli. Mimi nilikuwa nimetokea Reading na baiskeli yangu ya chuma, niliyoinunua mkono wa pili, yenye keria nyuma na begi la vifaa ninalotembea nalo kila mahali.

"Shemeji, hiyo umeazima makumbusho?"

"Wewe panda," nikamwambia. "Tutaongea jioni."

Mpango ulikuwa mwepesi kwenye ramani. Mwaka 2020 shirika la Cycling UK lilitangaza njia ya mzunguko ya kilomita 350 inayoanzia na kuishia Winchester, wakaiita Njia ya Mfalme Alfred, kwa jina la mfalme wa Wessex aliyetawala kuanzia 871 hadi 899. Sehemu kubwa si lami. Ni vijia vya mashambani, barabara za Warumi na njia za kuswagia mifugo. Sisi tulitaka nusu ya magharibi tu: Winchester, Salisbury, Stonehenge, Avebury, kisha ule mgongo wa vilima uitwao Ridgeway hadi mto Thames, halafu nyumbani kwangu Reading. Siku tatu, mwanzoni mwa Juni, jua likizama saa tatu na ushee usiku.

Tukaipungia mkono sanamu ya Alfred, aliyesimamishwa pale mjini mwaka 1901 na upanga wake juu, tukaondoka.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba tulikuwa tunaingia kwenye nchi ya chaki. Ardhi yote ile, chini ya majani, ni nyeupe: maganda ya viumbe wadogo wa bahari ya kale yaliyogandamana kuwa mwamba laini. Somo la kwanza tulilipata siku hiyohiyo, tulipochepuka hadi Farley Mount. Pale kileleni kuna piramidi nyeupe, nayo ni kaburi la farasi. Mwaka 1733 bwana mmoja alikuwa akiwinda mbweha, farasi wake akatumbukia naye kwenye shimo la kuchimbia chaki, kina cha futi 25. Wakatoka wazima wote wawili. Mwaka uliofuata farasi yuleyule akashinda mbio, safari hii akiwa ameandikishwa kwa jina la "Jihadhari na Shimo la Chaki". Shemeji alicheka hadi akaegemea piramidi. Ningemkumbusha kicheko kile siku mbili baadaye.

Kitu kingine cha kujifunza mapema ni mishale. Uingereza njia nyingi za mashambani hupita katikati ya mashamba ya watu, na kila njia ina daraja lake kisheria. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao. Ukipita na baiskeli umekosea. Wa bluu ni wa farasi, na sheria ya mwaka 1968 ikaturuhusu sisi wa baiskeli, kwa sharti kwamba tuwapishe wenye farasi na wenye miguu. Zambarau inaongeza mikokoteni ya farasi, nyekundu inaruhusu hata gari. Kwa hiyo unaweza kuwa katikati ya ngano ya mtu, geti umelifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Mwanzoni nilikuwa napita kama mwizi, shingo upande, nikisubiri mbwa. Hakuja mbwa.

Salisbury tulilala, na asubuhi tukalitazama kanisa kuu kwa kuinua shingo. Mnara wake una mita 123, hakuna kanisa la Uingereza linaloupita. Msingi uliwekwa mwaka 1220, baada ya viongozi wa kanisa kuchoka kukaa kilimani Old Sarum, kwenye upepo na uhaba wa maji, wakibanana na askari wa ngome. Tulipopanda Old Sarum na kuupokea upepo wenyewe usoni, niliwaelewa.

Kisha Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale. Wengi hufika kwa basi, wakakata tiketi. Sisi tulikuja na njia ya udongo yenye mshale mwekundu, mawe yale yakachomoza upande wa kulia mbali kidogo, kondoo wakila majani katikati yetu nayo. Tukaegesha baiskeli kwenye uzio. Yale makubwa, ya wastani wa tani 20 na zaidi, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba mengi yametoka msitu wa West Woods, kilomita kama 25 kaskazini. Madogo yaliletwa kutoka Wales. Na lile lililolala katikati, la tani sita, mwaka 2024 ilibainika kwamba limetoka kaskazini-mashariki ya Scotland, si chini ya kilomita 700. Shemeji alitafuna ndizi kwa muda.

"Na mimi jana nililalamika begi zito," akasema.

Baada ya hapo ni uwanda wa Salisbury, mali ya jeshi tangu 1897. Kuna vibao vya kuonya kuhusu vifaru kukatiza barabara, na bendera nyekundu zikipandishwa maana yake risasi za kweli zinapigwa, hapo hupiti. Magharibi ya njia yetu kiko kijiji cha Imber, ambacho watu wake waliondolewa Desemba 1943 ili wanajeshi wa Marekani wafanyie mazoezi. Waliamini watarudi. Hawakurudishwa mpaka leo. Tulipita kimya sehemu ile, upepo ukitupiga ubavuni, na kwa kweli sina hamu ya kuirudia.

Avebury tuliingia jioni. Watu huisifu Stonehenge, lakini mimi chaguo langu ni hapa. Duara la mawe ni kubwa kiasi kwamba kijiji kimeingia ndani: nyumba, baa, barabara ya magari. Unaweza kuegemea jiwe lenye umri wa miaka 4,500 ukinywa soda. Mwaka 1938, wachimbaji walikuta mifupa ya mwanaume chini ya jiwe moja lililokuwa limezikwa, pembeni yake mkasi na sarafu za karne ya 14. Jiwe limeitwa la Kinyozi tangu hapo. Usiku ikanyesha.

Ridgeway huhesabiwa miongoni mwa barabara za kale kabisa Uingereza. Watu wameitumia kwa miaka elfu kadhaa kwa sababu juu ya mgongo ni pakavu kuliko bondeni. Pakavu, isipokuwa asubuhi ya mvua. Chaki iliyolowa ni kama uji wa muhogo: inateleza kwanza, halafu inanata. Ilijaa kati ya tairi na fremu hadi magurudumu yakagoma, tukawa tunaikwangua kwa vijiti. Ndani ya chaki mna gumegume, jiwe jeusi linalopasuka kama chupa, na mvua ndiyo huliosha likabaki limechomoza.

Kati ya Barbury na Liddington nilisikia mlio kama wa soda inayofunguliwa. Maji meupe ya shemeji yakaruka hadi mgongoni kwake. Tukasubiri yazibe. Hayakuziba, tundu lilikuwa refu kama punje ya mchele. Akatoa tyubu ya akiba, akaivalisha kwa mbwembwe, akajaza upepo, tukaenda mita 200. Psss.

"Ulipapasa ndani ya tairi?" nikamuuliza.

Kimya.

Hapa niseme kwamba utoto wangu wote, nikitoka shule, nilikaa kwenye kibanda cha fundi baiskeli Nzega, nikishika karai. Phoenix zilizobeba magunia manne ya mkaa, misumari, miiba ya migunga. Nikapitisha kidole ndani ya tairi polepole, na gumegume lilikuwepo bado, limejificha kwenye mpira, dogo kama jino la mtoto. Karai hatukuwa nalo, lakini ukutani mwa shamba kulikuwa na hori la kunyweshea ng'ombe. Nikazamisha tyubu mle, mapovu yakapanda kwa mstari. Nikafuta, nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikaipuliza hadi ikaacha kung'aa, ndipo nikabandika kiraka na kukikandamiza kwa shina la pampu. Ndani ya tairi, pale palipochanika, tukaweka kipande cha mfuko wa chipsi kilichokunjwa mara tatu. Wakati wote huo ng'ombe watatu walisimama wakitutazama.

Mama mmoja mtu mzima akapita na farasi wake, tukasogea pembeni kama sheria inavyotaka. Akashukuru, akautazama usukani uliolala kwenye majani. "Gumegume?" akauliza. Hakusubiri jibu.

"Jihadhari na shimo la chaki," nikamwambia shemeji. Hakucheka.

Mchana tulifika Wayland's Smithy, kaburi la mawe la miaka zaidi ya 5,000 katikati ya miti. Hadithi ya wenyeji inasema ukimwacha farasi wako pale pamoja na sarafu, mhunzi asiyeonekana atamvisha viatu usiku. Shemeji akauliza kama anashughulikia na tairi.

Mbele kidogo yupo Farasi Mweupe wa Uffington, mita 110 kutoka mkiani hadi puani, aliyechorwa kwa mitaro iliyojazwa chaki ubavuni mwa kilima karibu miaka 3,000 iliyopita. Ukisimama juu humwoni mzima; unaona mkunjo wa mgongo, unaona jicho, basi. Nilichuchumaa nikaigusa ile chaki. Ilikuwa imepondwapondwa, ngumu kama sakafu. Kila mwaka watu wa kujitolea huja na nyundo, wakang'oa majani na kuponda chaki mpya. Wakiacha, nyasi zitammeza. Vizazi vya watu wamepiga magoti pale na kuponda, wengi wao bila kujua farasi ni wa nini.

Kutoka hapo mpaka Streatley ni mteremko na kuchoka. Thames tuliivuka saa moja na nusu, Reading tukaingia taa zikiwaka.

Dada yake shemeji, yaani mke wangu, alifungua mlango akatukagua kuanzia vichwani hadi miguuni. Tulikuwa weupe kama waliopiga plasta. "Viatu nje," akasema. "Baiskeli nje. Na nyie hebu kaeni nje kwanza." Ugali tuliulia uani.

Asubuhi nilimkuta shemeji amechuchumaa kando ya baiskeli yake, anabonyeza tairi kwa kidole gumba. Bado gumu.

"Ile solusheni," akasema bila kugeuka, "huwa unanunua wapi?"