Foleni ya mkono ambao haupo tena

Johannesburg, tarehe 26 Julai, jioni

Tangu jana asubuhi nimelala kwa saa nne tu, lakini nisipoandika leo, kesho nitakumbuka matokeo na kusahau njia tuliyopitia. Na safari hii njia ndiyo iliyonigusa.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 ni usiku wa mishahara. Wafanyakazi wengi wa nchi hii hulipwa tarehe hiyo, na sisi tunaotunza meinfremu, zile kompyuta kubwa za benki, tunaujua usiku huo kwa jina lake. Kazi za bechi, zile zinazoendeshwa kwa mafungu bila mtu kukaa nazo, hufuatana kama mabehewa, moja ikikwama zote za nyuma yake zimekwama. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri kila mshahara unatakiwa uwe umeingia kwenye akaunti ya mwenyewe. Mlinzi wetu wa getini, mtu mzima mwenye koti la sufi, huwa anatoa simu mfukoni muda huo, anaitazama, anairudisha, kisha anaitoa tena. Mimi nikishika zamu ya tarehe hiyo, namfanyia kazi yule mlinzi.

Kijana ninayemfundisha kazi anatoka Lubumbashi. Tukiwa wawili tunaongea Kiswahili, mimi cha Tanga na yeye cha kwao, na ananiita yaya. Mwanzoni nilishtuka, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa watu. Kwao ni dada mkubwa. Sasa nimelizoea, na akiniita jina langu nahisi kama amekasirika.

Saa saba na robo usiku akageuza kiti. "Yaya, kazi ya mishahara iko nyuma. Dakika makumi ine, na haijafika nusu."

Mwezi uliopita, dakika arobaini kazi ile ilikuwa imeshakwisha. Nikapiga simu kwa mkuu wetu, na kabla sijamaliza kueleza akasema diski zimezidiwa, amekuwa akisema siku zote kwamba tununue zenye kasi zaidi. Simlaumu. Ukiamshwa saa saba usiku, jibu linalokuja haraka ni kununua. Lakini hifadhi tuliyonayo haina sahani inayozunguka hata moja, yote ni ya kumbukumbu za flashi. Kasi gani zaidi ya hiyo?

Nikamwambia kijana afungue ripoti ya RMF, ile programu inayopima mwenendo wa z/OS, mfumo wa uendeshaji wa meinfremu. Ripoti yake ya diski naipenda kuliko ripoti zote, kwa sababu haikwambii tu kwamba diski imechelewa, inakuonyesha mahali muda ulipopotelea. Kila ombi la kusoma au kuandika limegawanywa mafungu manne. IOSQ ni muda ambao ombi limekaa ndani ya mfumo wa uendeshaji, halijatoka hata mlangoni. PEND ni kusubiri njiani, kwenye chaneli inayokwenda hadi kwenye hifadhi na kwenye kidhibiti kinachoisimamia. DISC ni pale hifadhi inapokwenda kutafuta kitu ambacho hakimo kwenye kache, kumbukumbu yake ya haraka. CONN ni data yenyewe ikipita.

Volyumu, yaani diski kama mfumo unavyoiona, yenye faili ya akaunti ilisoma hivi, na niliziandika kwenye daftari kwa penseli: jumla milisekunde 6.2. IOSQ 5.6, PEND 0.1, DISC 0.1, CONN 0.4.

Tukae kidogo kwenye tarakimu hizo. Hifadhi ilikuwa inafanya kazi yake kwa milisekunde 0.6, na hiyo ni afya njema. Sehemu nyingine yote, tisa katika kila kumi, ombi lilikuwa limesimama kwenye foleni upande wetu, kabla hifadhi haijajua hata kwamba kuna mtu anaihitaji. Tungenunua diski yenye kasi maradufu tungeokoa muda kiasi tu na foleni ingebaki pale pale, maana foleni haikuwa ya diski. Ilikuwa ya jina la diski.

Kijana hakunielewa. Nikamsimulia dirisha la dawa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampeleka bibi hospitali. Dirisha la dawa lilikuwa moja, lenye kibao cha mbao kilicholika katikati kwa viwiko vya watu. Ndani alikuwepo mtoa dawa mmoja, na foleni ilifika hadi kwenye mwarobaini wa uani. Mwaka uliofuata waliletwa watoa dawa wengine watatu, tukawaona kupitia ule upenyo, wamekaa. Foleni haikupungua hata hatua moja, maana dirisha lilikuwa moja na cheti kilipokelewa kimoja kimoja. Bibi aliuliza kwa nini wale wengine wamekaa, akaambiwa ndio utaratibu.

Utaratibu wa meinfremu ulikuwa na sababu nzuri ulipowekwa. IBM ilipotangaza System/360 mwezi Aprili 1964, diski ilikuwa chombo cha chuma chenye mkono wa kusomea, na mkono haukai mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mfumo uliipa kila diski kadi moja kwenye kumbukumbu, inayoitwa UCB. Ombi likitoka, kadi inawekwa alama kwamba diski ina kazi, na ombi jingine linasubiri mpaka alama iondolewe. Ilikuwa ni busara tupu, kwani ungetuma la pili lingekwenda wapi?

Kisha mkono ukaondoka. Kilichokuwa diski moja kikawa data iliyotawanywa juu ya diski nyingi zilizofungwa pamoja, mbele yake kache kubwa yenye uwezo wa kujibu maombi mengi kwa pamoja. Leo z/OS inadhani inazungumza na diski ya 3390, chombo kilichotoka mwaka 1989, chenye traki, yaani duara za kuandikia data, za baiti 56,664, traki 15 kwa kila silinda. Hiyo 3390 haipo. Hifadhi inaiigiza tu, ili programu za zamani zisihitaji kuandikwa upya. Jambo hilo nalistahi sana. Lakini pamoja na traki na silinda tulirithi na foleni, tukaendelea kuusubiri mkono uliokwisha kuondoka.

Dawa yake ilikuja mwaka 1999 pamoja na hifadhi ya IBM iliyoitwa Enterprise Storage Server, ambayo watu wa kazi hii wakaiita Shark. Inaitwa PAV, kifupi cha Parallel Access Volumes. Kwa Kiswahili naieleza hivi: volyumu ina anwani yake ya msingi, halafu inapewa lakabu. Kila lakabu ina UCB yake, kwa hiyo kila lakabu ni dirisha jipya, lakini nyuma ya madirisha yote ni volyumu ile ile. Ombi la kwanza linapita kwenye anwani ya msingi, la pili kwenye lakabu, la tatu kwenye lakabu nyingine, yote kwa wakati mmoja. Programu haijui lolote, imeomba rekodi na imeletewa rekodi.

Nikamchorea hesabu nyuma ya karatasi ya zamu. Maombi matano yanafika pamoja, kila moja linahitaji nusu milisekunde. Kwa dirisha moja la kwanza linaondoka baada ya 0.5, la mwisho baada ya 2.5, wastani 1.5. Kwa madirisha matano yote yanaondoka baada ya 0.5. Hatukuongeza kasi ya kitu chochote.

"Na wawili wakiandika mahali pamoja?" akauliza. Hapo nilifurahi, maana hilo ndilo swali. Kila ombi, kabla ya kuanza, linatangaza mipaka ya traki linazokusudia kuzigusa. Hifadhi inalinganisha. Wasomaji wawili wanapita bega kwa bega. Mwandishi na mwingine wakigongana mipaka, mmoja anasubiri, na kusubiri huko ni kwa haki kabisa, kwa sababu kunalinda data. Na maombi yakitoka kwenye mifumo miwili tofauti inayotumia volyumu moja, hifadhi inayapokea kwa pamoja kwa kanuni hiyo hiyo. Iliyofutwa ni foleni isiyolinda kitu.

Swali langu likawa jingine. Sisi PAV tunayo, tena ile ya HyperPAV iliyokuja mwaka 2006. Mwanzoni lakabu zilifungwa kwa volyumu fulani, au programu ya mfumo inayoitwa meneja wa mzigo wa kazi ilizihamisha kutoka volyumu hadi volyumu, taratibu, na mara nyingi kilele kilikuwa kimeshapita ilipofika. HyperPAV iliziweka zote kwenye kapu moja kwa kila kidhibiti. Ombi linaazima lakabu, likimaliza linairudisha kapuni, muda wote chini ya milisekunde moja. Mbona basi volyumu hii ilikuwa na foleni kama ya 1964?

Nikaandika amri ya DEVSERV QPAVS, inayouliza lakabu za volyumu, kwa anwani ya volyumu ile. Jibu likaonyesha anwani ya msingi, na halikuorodhesha lakabu hata moja.

Wiki mbili nyuma tulihamisha data. Volyumu za zamani zilikuwa ndogo, aina ya silinda 3,339, kila moja haifiki gigabaiti 3. Tulizikusanya kwenye volyumu kubwa za silinda 65,520, yaani gigabaiti 56 hivi, karibu ndogo 20 kwa kubwa moja. Anwani za vifaa zina tarakimu nne za heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita, na haziwezi kuzidi 65,536, kwa hiyo kukusanya ni lazima siku moja ikufike. Lakini madirisha 20 yakawa dirisha moja. Kwenye hifadhi lakabu za kidhibiti kipya zilitengenezwa. Kwenye usanidi wa upande wa z/OS hakuna aliyeziandika. Fomu ya mabadiliko ina sahihi tatu, na ya tatu ni yangu. Niliikagua orodha ya anwani za msingi mstari kwa mstari, nikaona zote zipo, nikasaini. Sikuuliza juu ya kile ambacho hakikuwepo kwenye karatasi. Nimelibeba hilo tangu jana na bado ni zito.

Usiku ule usanidi haukuguswa. Katika usiku wa mishahara hairuhusiwi, na nakubaliana na sheria hiyo hata inaponiumiza. Tulitafuta nani mwingine anasimama kwenye dirisha lile. Kulikuwa na kazi tatu za ripoti za ukaguzi zinazosoma volyumu hiyo hiyo, ambazo zingeweza kungoja mpaka adhuhuri. Tukaziweka kando. IOSQ ikashuka hadi 1.9. Kazi ya mishahara ikakwisha saa kumi na moja na dakika ishirini. Nilipotoka mlinzi alikuwa ameshaitazama simu yake na kuirudisha mfukoni, hakuitoa tena. Baridi ya Julai ilikuwa imegandisha umande kwenye vioo vya magari.

Jana usiku tulipata kibali. Tuliongeza lakabu 32 kwenye usanidi na kuuwasha bila kuzima mashine, huku kazi zikiendelea. Nilimwachia kijana kibodi. Aliandika polepole, akasoma kila herufi kwa sauti ya chini kabla ya kubonyeza. Halafu tukangoja kipindi kimoja cha RMF, dakika kumi na tano, hatukuzungumza. Ripoti ilipotoka aliweka kidole kwenye kioo chini ya safu ya IOSQ.

"Sifuri," akasema. "Yaya, ni sifuri nukta sifuri."

Jumla ilikuwa 0.7. Mkuu nilimtumia tarakimu za kabla na za baada, na chini yake sentensi moja kwamba fedha za diski mpya zisiombwe kwa sababu hii. Amejibu leo mchana kwamba ameondoa ombi lile. Nimemheshimu kwa hilo.

Imebaki kazi moja haijapona, ile ya kukokotoa riba. Bado inachukua muda ule ule, na IOSQ yake ilikuwa ndogo hata kabla. Inasoma rekodi moja, inasubiri, inaikokotoa, ndipo inaomba ya pili. Mtu mmoja anayekuja dirishani na cheti kimoja kila mara hasaidiwi na madirisha 32. Hapo PAV haina la kufanya, na nimemweleza kijana aandike hivyo kwenye daftari lake pia, kwa herufi kubwa. Kesho usiku tutafungua programu yenyewe tuone inavyosoma faili, na kama idadi ya bafa, zile nafasi za kumbukumbu za kushikia rekodi zilizosomwa, ilibaki ile ndogo ya miaka ile kumbukumbu ilipokuwa ghali.