Alama za sandukuni na mikono ya thieta

Kisumu, Jumapili jioni

Wiki hii kulizuka ubishi kwenye chumba chetu cha chai, na mpaka leo haujanitoka kichwani. Daktari mmoja anayesomea upasuaji alirudi kutoka kozi ya wikendi na cheti chenye alama za juu za simuleta, yaani mashine ya kufanyia mazoezi ya upasuaji bila mgonjwa, ambayo pia tunaiita sanduku. Mwenzake akamwambia huo ni mchezo wa kompyuta tu, mgonjwa hana kitufe cha kuanza upya. Kisha wote wawili wakanigeukia: "Sista, wewe ndiye unatuona sote mezani. Hebu sema." Niliwaambia wanipe muda.

Mchezo tu? Hapana, hilo silikubali. Mwaka 2002 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye simuleta mpaka wakafikia kiwango cha wapasuaji wazoefu, na nusu nyingine wakaendelea na mafunzo ya kawaida. Baadaye wote waliingia thieta kutenganisha kibofu cha nyongo na ini kwa njia ya matundu madogo, na waliokagua video hawakujua nani alipitia wapi. Waliotoka kwenye simuleta walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 29, na makosa waliyofanya wenzao yalikuwa kama mara sita ya yao. Hao wenzao ndio pia walioelekea zaidi, mara tano, kujeruhi kibofu cha nyongo au kuunguza mahali pasipohusika.

Mimi ninayesimama ng'ambo ya meza nikikabidhi vyombo sishangai hata kidogo. Anayeanza upasuaji wa matundu huchanganywa na mambo mawili. Chombo kinapita kwenye tundu la tumbo, kwa hiyo mkono ukienda kushoto ncha inaenda kulia. Halafu macho yako kwenye skrini bapa isiyoonyesha kina, basi utaiona ncha ikibana hewa, sentimita nzima kabla ya kile anachodhani ameshakishika. Jambo hilo halisomwi kitabuni wala halielezeki kwa mdomo. Mkono wenyewe ndio unaozoea, na unaweza kuzoea vizuri kabisa sandukuni, kwa kuhamisha vipande vya mpira kutoka kigingi hadi kigingi. Kwa nini azoee juu ya ini la mama wa watu aliyetoka Ahero kwa matatu? Marekani wamelitia hilo kwenye sharti: tangu 2010, anayehitimu upasuaji wa jumla hapati cheti cha bodi ya upasuaji bila kupita mtihani wa aina hiyo.

Shaka yangu iko kwenye wikendi. Huko Toronto, Kanada, mwaka 2006, madaktari 38 walio mwanzoni mwa mafunzo walifundishwa kushona mishipa midogo ya damu. Somo lilikuwa lile lile, ila kundi moja lilimaliza vipindi vyote vinne siku moja na lingine likafundishwa kipindi kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baada ya mafunzo walipimwa tena, safari hii kwa kushona mshipa wa panya aliye hai. Waliojifunza kidogo kidogo waliwashinda wenzao waziwazi. Nikiisoma habari hiyo nawakumbuka wageni wetu wanaokuja na mashine nzuri, wakafundisha Jumamosi na Jumapili, wakapima watu Jumapili jioni wakati mkono ungali na moto, wakagawa vyeti. Baada ya hapo mashine hufungiwa ofisini. Hizo alama za Jumapili jioni ndizo nisizoziamini.

Tena tuseme ukweli, kazi yetu nyingi hapa bado ni ya kufungua tumbo: akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kidole tumbo kilichopasuka, majeruhi wa bodaboda, utumbo uliotobolewa na taifodi. Huo utumbo wa taifodi unakuwa kama karatasi iliyolowa, ukivuta uzi kwa nguvu kidogo unachana. Majuzi nilimtazama daktari kijana akiushika kwa vidole na kitambaa cha gozi badala ya koleo, akapitisha sindano mbali kidogo na ukingo wa tundu, pale ambapo nyama bado ina nguvu, kisha akakaza fundo taratibu mpaka kingo zikagusana tu, akaachia hapo. Hakuna kipande cha mpira kinachofundisha fundo liachiwe wapi. Utumbo wa mbuzi kutoka soko la Kibuye unafundisha, angalau kwa kiasi, na bei yake hailingani kabisa na ya simuleta.

Kuna na lile ambalo sanduku haliulizi kamwe. Damu ikitoka ghafla, mmoja anabonyeza kwa gozi, anatulia, anasema kwa sauti: "Sista, mashine ya kufyonza. Daktari mkubwa aitwe." Mwingine ananyamaza na kuanza kubana bana gizani, huku mtu wa nusukaputi akisema presha inashuka. Sandukuni hawa wawili wanaweza kupata alama sawa.

Lakini hata hilo linapimika. Toronto hao hao, miaka ya tisini, walitengeneza fomu ya mambo saba yanayopewa alama moja hadi tano. Humo mna jinsi mpasuaji anavyoitunza nyama ya mgonjwa, na mna jinsi anavyowatumia wasaidizi wake. Nilipoliona hilo la wasaidizi nilifurahi sana, kwa sababu ndilo sisi wauguzi tunaloliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mikono ya thieta ikikaguliwa hivyo, inasema kitu juu ya wagonjwa. Mwaka 2013 huko Michigan, Marekani, wapasuaji 20 wanaopunguza mfuko wa chakula tumboni ili mgonjwa apungue uzito walipewa alama na wenzao kwa kutazama video. Robo ya wapasuaji waliopata alama za chini kabisa, asilimia 14.5 ya wagonjwa wao walipata matatizo baada ya upasuaji; kwa robo waliopata alama za juu kabisa ilikuwa asilimia 5.2. Tofauti kubwa namna hiyo inastahili kutafutwa hapa kwetu.

Basi jibu langu kwa wale vijana ni kwamba alama nzuri ya sandukuni, ikirudiwa wiki hadi wiki, inamruhusu mtu kushika chombo akiwa na mkubwa wake kando. Kumwacha peke yake usiku ni uamuzi wa fomu ya thieta.

Nimemwandikia mkuu wa idara. Nimeomba simuleta itolewe ofisini iwekwe kile chumba kidogo kando ya thieta, na ufunguo ukae kwa muuguzi wa zamu, maana sisi tupo usiku na mchana. Utumbo wa mbuzi tutachangia. Akikubali, nitafungua daftari: upande mmoja alama za kila daktari sandukuni na tarehe zake, upande wa pili alama zake za mambo saba mezani, zikitolewa na daktari bingwa aliyekuwepo. Baada ya miezi kadhaa tutakaa nalo wote pale kwenye chumba cha chai, wale wawili wakiwemo.