Wati zililingana, jibu likawa bado si lenyewe

Saketi yenyewe ilikuwa ndogo. Betri ya volti 12, rezista ya omu 2 kutoka kwenye betri hadi nodi ya juu (mahali waya zinapokutana), rezista ya omu 6 kutoka nodi hiyo hadi ardhi (yaani volti sifuri), na kando yake chanzo tegemezi, ambacho mkondo wake hutegemea mkondo mwingine wa saketi, kinachoingiza mkondo kwenye nodi. Mkondo wa chanzo hicho ni mara mbili ya ule unaopita kwenye omu 6, ambao niliuita i. Nilitakiwa kutafuta volteji ya nodi, na wati ambazo kila kifaa kinatoa au kinapokea.

Nilianza na njia niliyoizoea ya kuzima vyanzo kimoja kimoja, kisha kujumlisha volteji ambazo kila kimoja kinaleta peke yake. Chanzo tegemezi kikiwa kimezimwa, nodi ilipata volti 9 na i ikawa ampia 1.5. Basi, nikasema, chanzo kile kinatoa ampia 3. Nikaizima betri, ampia 3 hizo zikaleta volti 4.5. Jumla 13.5.

Nikahakiki kwa nguvu. Chanzo tegemezi kilitoa wati 40.5. Omu 6 ilikula 30.375, omu 2 ikala 1.125, betri ikapokea 9. Ukijumlisha ni 40.5 kamili. Nikafunga daftari nimeridhika.

Siku ya pili nililirudia swali kwa kanuni ya Kirchhoff ya mikondo (mikondo inayoingia kwenye nodi ni sawa na inayotoka), nikapata volti 18. Saketi moja, majibu mawili! Nilikaa nayo muda mrefu hadi nilipofanya jambo dogo ambalo sikuwa nimelifanya: nilichukua 13.5, nikagawanya kwa 6, nikapata i ya ampia 2.25. Mara mbili yake ni 4.5, wakati mimi nilikuwa nimekipa chanzo ampia 3. Wati zililingana kwa sababu zingelingana kwa chanzo chochote cha ampia 3. Hesabu ya nguvu haiulizi hiyo 3 imetoka wapi.

Tangu hapo chanzo tegemezi sikizimi, hata ninapozima vyanzo huru, kama betri, kimoja kimoja. Naandika mlinganyo wa nodi kikiwemo, V ikiwa volteji ya nodi:

(12 − V)/2 + 2i = V/6, ambapo i = V/6

V inatoka 18, i ni ampia 3, chanzo ni ampia 6. Sharti la mara mbili limetimia, ndipo naingia kwenye wati: chanzo kinatoa 108, omu 6 inakula 54, omu 2 inakula 18, betri inapokea 36.

Hiyo betri kupokea ilinisumbua kuliko yote. Lakini nodi iko juu yake kwa volti 6, kwa hiyo mkondo wa ampia 3 unaingia kwenye ncha yake chanya. Wati 108 nazo hazizuki hewani: chanzo tegemezi huchorwa kuwakilisha kifaa kama transista, ambayo nguvu yake hutoka kwenye umeme mwingine usioonyeshwa kwenye mchoro.

Baadaye nikaichezea ile namba. Mara tatu badala ya mara mbili, nodi inapanda hadi volti 36. Nikaweka mara nne, V zote zikafutana, ikabaki 6 = 0. Chanzo kinaongeza volteji, volteji inaongeza i, i inakiongeza chanzo, na hakuna V inayoweza kuisimamisha saketi hiyo.