Bluebonnet zangu za Houston

Mwaka wa kwanza nilikosea msimu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mbegu huingia ardhini masika yakikaribia. Basi Machi nikamwaga mbegu za bluebonnet, ua la buluu la huku, nyuma ya nyumba yangu hapa Texas. Halikutoka hata jani. Bibi jirani, mzaliwa wa huku, akaniambia mbegu hizi hupandwa Oktoba, mche upitiwe na baridi, ndipo uchanue Machi.

Oktoba nikaanza upya. Mbegu yake ni ngumu kama changarawe, maji hayapenyi. Nikazisugua kwa msasa, chache chache, mpaka ngozi ikakwaruzika, kisha nikaziloweka usiku kucha. Asubuhi nikapanda zilizovimba. Zilizobaki kavu nikazirudia. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, maji hutuama, na mizizi ya ua hili huoza upesi. Kwa hiyo niliinua tuta, nikachanganya mchanga na kokoto, mahali panaposhinda jua.

Yakachomoza majani, kila moja na vijani vitano kama vidole. Kisha kimya. Desemba, Januari, mimea imelala chini, haizidi upana wa kisosi. Mkono ulinicheza kutia mbolea. Nashukuru sikutia, maana siku moja nikipalilia niling'oa mche mmoja kwa bahati mbaya, nikaona vinundu mizizini. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani rangi ya waridi, vilevile kama kwenye kunde za mama! Kumbe ni ndugu, wote jamii ya mikunde. Bakteria wa humo huulisha mmea naitrojeni ya hewani. Mbolea ingeninenepeshea majani tu.

Mwisho wa Machi tuta likawa buluu tupu. Texas ilichagua bluebonnet kuwa ua la jimbo mwaka 1901, ingawa aina hii yangu, Lupinus texensis, iliingizwa rasmi 1971. Mimi nilichokipenda zaidi ni doa jeupe katikati ya kila kijiua. Likizeeka hugeuka jekundu la zambarau, na nyuki hulipita, wakatafuta lililo jeupe bado. Nilikuwa nakaa hapo na chai yangu ya asubuhi nikiwatazama, mpaka inapoa.

Mei maganda yalikauka, yakawa yanapasuka juani, paa! mbegu zikiruka hadi ukutani. Watoto nimewakataza kuzitafuna, zina sumu. Nusu nimeziacha zilipoanguka. Nyingine ziko kwenye chupa ya jamu, zinasubiri Oktoba.