Nilivyofanikiwa kupaka rangi gegedu na mfupa wa utaya wa furu

Mwaka 1994 watafiti wa Japani waliiondoa jeni ya Edn1 kwa panya, na utaya wa chini ukaharibika vibaya. Vitoto vilikufa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua. Mwaka 2008 jeni hiyohiyo ikawashwa upande wa juu, na utaya wa juu ukachukua umbo la utaya wa chini. Jeni moja tu! Mabadiliko ya namna hiyo huonekana vizuri kwenye mifupa iliyopakwa rangi mbili: bluu kwa gegedu, nyekundu kwa mfupa. Panya hao sina hapa Mwanza. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ninao, na rangi ni zilezile.

Nawapata kwa wavuvi wanaowatumia kama chambo cha sangara. Natafuta jike aliyevimba koo, kwani hulea mayai na vitoto mdomoni; nawaomba wamweke ndoo ya peke yake, maana akishtuka huvitema. Vitoto navilaza kwa mafuta ya karafuu hadi vife kabisa, kisha fomalini 10% yenye bafa. Isiyo na bafa huwa na asidi, nayo hula chokaa ya mfupa kabla hujaanza kazi.

Bluu ya alsiani, rangi ya gegedu, ndipo penye mtego. Kipimo changu ni miligramu 10 ndani ya mililita 80 za ethanoli 95% na mililita 20 za asidi kali ya asetiki. Bila asidi, bluu hushika kila kitu. Ikikaa mno, asidi huyeyusha kalsiamu na alizarini, rangi nyekundu ya mfupa, inakosa pa kushika. Maelekezo mengi yanasema saa 24 hadi 48. Kwa kitoto kidogo namna hii ni nyingi mno: mimi natoa baada ya usiku mmoja, naingiza moja kwa moja kwenye boraksi iliyokolea ili kuua asidi.

Baadaye tripsini, kimeng'enya kinachoyeyusha nyama, ndani ya boraksi hadi nyama ianze kuonyesha mifupa, halafu alizarini kwenye haidroksaidi ya potasiamu (KOH) 0.5%. Weusi wa ngozi unaondoka kwa matone machache ya haidrojeni peroksaidi 3%. Ukizidisha, mapovu hupasua nyama.

Gegedu la Meckel, yaani gegedu la utaya wa chini, hutokea kama fimbo ya bluu ndani ya utaya mwekundu. Kwa panya, ncha yake ya nyuma huishia kuwa vifupa vya nyundo na fuawe sikioni. Namalizia kwa gliserini, nikiongeza polepole hadi ibaki gliserini pekee, pamoja na chembe ya thimoli kuzuia ukungu.