Madini ya risasi yakishaingia kwenye ubongo, dawa peke yake haitoshi

Mtoto wa dada yangu alikuwa na tabia ya kukaa dirishani anabandua ile rangi ya zamani kwa kucha, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, anatia mdomoni. Tulidhani ni utoto tu. Kuja kupimwa, damu ina risasi, yale madini yenye sumu yaliyokuwa kwenye rangi ile, mikrogramu 52 kwa desilita, na kuanzia 45 hivi ndo madaktari huwa wanaanzisha dawa.

Tangu siku ile nimesoma sana. Yaani risasi inajifanya kalsiamu, mwili unadanganyika unaipitisha mpaka kwenye ubongo, na kule kalsiamu ndo inaiambia seli itoe lini zile kemikali za kupeleka ujumbe kwa seli nyingine, sasa risasi ikishika nafasi yake ujumbe unatoka wakati haujaitwa, ukiitwa unatoka kidogo. Tena inaziba vipokezi vya glutameti, mojawapo ya kemikali hizo, vinaitwa NMDA, ambavyo mtoto anavitegemea kujifunza na kukumbuka. Niliposoma hapo nililia.

Akapewa saksima, dawa ya kutoa risasi mwilini, siku 19. Kapsuli zake zinanuka yai viza, ni salfa hiyo, na salfa ndo inanasa risasi itoke na mkojo. Dada alikuwa anafungua kapsuli ananyunyizia kwenye chakula huku mtoto kajiziba pua. Namba ikashuka, tukashukuru, wiki chache mbele ikapanda tena maana risasi nyingi ilishajichimbia mifupani na inarudi kwenye damu polepole.

Wazazi wenzangu, hapa naomba mnisikilize. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2001, watoto wenye risasi 20 mpaka 44 kwenye damu walipewa saksima, damu ikashuka kweli, lakini kwenye vipimo vya akili hawakuwazidi waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo ondoeni chanzo kwanza, na msikwangue rangi kavu, vumbi lake ni baya kuliko vile vipande. Mtoto ale vizuri, akipungukiwa madini ya chuma au kalsiamu risasi inafyonzwa zaidi.

Na hizo ditoksi za mtandaoni achaneni nazo kabisa. 2005 hukohuko Marekani watoto wawili walikufa baada ya kuwekewa aina isiyo sahihi ya EDTA, dawa nyingine ya kunasa madini mwilini, ikakomba kalsiamu ya damu moyo ukasimama.

Dirisha lile limeng'olewa na fremu yake, mtoto akiwa kwangu. Anapimwa tena mwezi ujao.