Kumsoma Adam Shafi kwa Kufuata Kalenda ya Unguja

Tangu masika yaanze, marafiki wawili watatu wamekuwa wakiniuliza ninasoma nini, nami nimekuwa nikijibu kwa ufupi kwamba ninamsoma Adam Shafi, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar. Jibu hilo huzua mguno. Wanaoguna ni wale waliopita Kidato cha Tano na cha Sita katika miaka ambayo riwaya yake ya Vuta N'kuvute ilikuwa kitabu cha mtihani, na ambao walikisoma kwa kupitia vijitabu vya uhakiki, wakakariri dhamira sita na tamathali nne, kisha wakaapa kutokirudia tena maishani. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Leo nimeona niwaandikie kwa kirefu kile ninachoshindwa kukieleza barazani, kwamba riwaya za mzee huyu zinahitaji kusomwa upya, na zisomwe kwa mpangilio ambao hakuna mwalimu aliyewahi kutuelekeza.

Mimi mwenyewe niliugundua mpangilio huo kwa bahati tu. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua nakala kuukuu ya Kuli kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba, mmoja wa wale wanaopanga bidhaa zao juu ya turubai kandokando ya njia. Jalada lake lilikuwa limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na ndani mlikuwa na maandishi ya penseli ya mwanafunzi fulani wa zamani, aliyeandika kila penye nafasi “dhamira”, “ujumbe”, “mhusika bapa”, na katika ukurasa mmoja, pengine kwa uchovu, “njaa”. Nilipoimaliza nikatamani kujua kisiwa kile kiliendeleaje baada ya hapo, nikaichukua Vuta N'kuvute iliyokuwa ikila vumbi kabatini, na kabla sijafika katikati nikatambua kwamba nilikuwa ninasoma historia ya Unguja sura baada ya sura.

Kwa tarehe za uchapishaji, Kasri ya Mwinyi Fuad ilitangulia mwaka 1978, ikafuatiwa na Kuli mwaka 1979, kisha ukapita ukimya mrefu hadi Vuta N'kuvute ilipotoka mwaka 1999 na Haini mwaka 2003. Ukizipanga kwa kufuata matukio yanayosimuliwa, Kuli ndiyo ya kwanza, kwa sababu inahusu mgomo wa wafanyakazi wa bandarini wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute inafuata, ikiwa na harakati za miaka ya hamsini. Kasri inavuka hadi kwenye Mapinduzi ya Januari 1964, na Haini inafunga kwa yale yaliyofuata baada ya Sheikh Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Ushauri wangu ni kuzisoma kwa mpangilio huu wa pili.

Kuli ni nyepesi kusomeka kuliko zote, na kwa kusema kweli ni nyepesi hata pale ambapo ningependa iwe nzito. Rashidi anakua, anaingia bandarini, anafumbuliwa macho kuhusu nguvu ya umoja, na msomaji mzoefu anajua mapema njia inaelekea wapi. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kupakia na kupakua inaelezwa na mtu anayeijua, na hilo ndilo lililonifanya nimwazime jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya bandari hapa Dar es Salaam. Nitarudi kwake baadaye.

Kama mtu ana nafasi ya kusoma riwaya moja tu, basi na asome Vuta N'kuvute, na ninamsihi aisome kana kwamba hajawahi kuisikia. Yasmin, binti wa Kihindi ambaye hata hajapevuka sawasawa, ameozwa kwa Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Anapomkimbia, jamaa zake wanamfungia milango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, asiye na kitu ila chumba, vicheko na taarabu. Humo ndimo anamokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayesakwa na makachero wa mkoloni kwa kuingiza vitabu na magazeti yaliyopigwa marufuku. Shuleni tulifundishwa kwamba riwaya hii inahusu ukombozi, jambo ambalo si uongo. Ila hakuna aliyetuambia kwamba inachekesha, wala kwamba askari wanaomwinda Denge wamechorwa kwa jicho la mtu aliyewahi kukaa kijiweni akawasikiliza wakijigamba.

Lugha yake nayo ni karamu. Mwandishi anapotutambulisha kwa Yasmin anaufananisha uso wake mdogo wa mviringo na tungule, na nakumbuka darasa letu zima la watoto wa bara likitafuta tungule ni mdudu gani. Ni nyanya tu. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha magazeti ya bara atakutana na maneno ya namna hiyo mara kwa mara, na ninashauri asikimbilie kamusi kila mara, bali aendelee kusoma, maana sentensi zenyewe humfafanulia. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hii wasidhani wamemaliza kazi. Filamu ni nzuri kwa macho, lakini haiwezi kubeba porojo za kitabuni, na porojo zile ndizo nusu ya utamu.

Kuhusu Kasri ya Mwinyi Fuad sitasema mengi. Bwana shamba ni dhalimu kutoka mwanzo hadi mwisho, na Mapinduzi yanapokuja yanakuja kama alfajiri isiyo na wingu. Aliyeniteka ni Kijakazi, mtumishi anayeendelea kumtumikia bwana wake kwa moyo wote wakati wenzake wamekwisha kuamka. Mwanafunzi angemwandika kuwa ni “mhusika asiye na utambuzi” na kufungua ukurasa unaofuata, ilhali mimi naona swali gumu kuliko yote limo ndani ya mwanamke huyo: mtu hujifunza vipi kuacha kupenda mkono unaompiga?

Uzito wa Kasri, hata hivyo, nimeuona baada ya kusoma Haini. Adam Shafi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini katika kamatakamata iliyofuata kifo cha Karume, na riwaya hii, inayomfuata Hamza na mahabusu wenzake wanaoteswa ili wakiri, imetoka humo. Sasa angalieni tarehe. Kamatakamata hiyo ilikuwa ya mwaka 1972. Riwaya iliyoyapokea Mapinduzi kwa shangwe ilichapishwa mwaka 1978, na ya gerezani haikutoka hadi mwaka 2003. Maana yake, mtu alitoka kizuizini akachapisha kwanza matumaini, na yale aliyoyapitia akayaweka kwa miongo mitatu. Nimelifikiria jambo hilo usiku kadhaa, wala sitaki kumsemea mwandishi sababu zake, ila kwa kulijua nimeisoma Kasri kwa mara ya pili kwa heshima ambayo sikuwa nayo mwanzo.

Kwa Haini nilikosea, na ninalisema hili kwa ruhusa ya mwenyewe. Nilimpa shoga yangu mmoja nikimsifia kitabu kwa mbwembwe zote, bila kukumbuka kwamba marehemu baba yake aliwahi kuchukuliwa usiku wa manane naye akiwa mtoto wa chekechea. Alikirudisha baada ya siku nne, kikiwa kimefungwa ndani ya khanga.

“Hiki sikiwezi, shoga yangu,” aliniambia. “Nimefika pale wanapogonga mlango, nikaenda kuhakikisha kama nimeufunga wa kwangu.”

Niliona haya. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa mtu kitabu hiki ninamweleza kilichomo, na kama anasitasita ninampa Mbali na Nyumbani, kumbukumbu za mwandishi huyu huyu zilizotoka mwaka 2013, ambamo anasimulia safari za ujana wake za kutafuta njia ya kwenda Ulaya. Humo pia mna polisi na mna njaa, lakini msafiri ni kijana, na ujana una namna yake ya kuicheka njaa.

Wapo walioniuliza waanze na nini ikiwa wanataka kwenda nyuma zaidi ya mwaka 1948. Hao ninawaelekeza kwenye Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, anafuatana na msafara kuelekea bara katika miaka ya utawala wa Wajerumani. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza, na nilipoisoma kwa Kiswahili nilihisi wale wafanyabiashara wa msafara wamerudishiwa sauti zao.

Na sasa yule mzee wa bandari. Aliisoma Kuli kwa juma moja, akaja nayo barazani, akaniita nisimame. Alitaka nielewe kwamba gunia la kilo mia halinyanyuliwi na mtu mmoja: wawili hulishika pembe, wa tatu huinama na kuliingia kwa shingo, na akikosea hatua ya kwanza tu, mgongo umekwenda. Alinionyesha kwa mto wa kochi. Baada ya kuondoka nilifungua kitabu nikakuta kwamba naye ameandika, kwa kalamu ya wino wa buluu, pembeni mwa penseli za yule mwanafunzi. Pale palipoandikwa “dhamira: umoja” ameongeza, “na posho, mwanangu, usisahau posho”.

Nakala hiyo sasa iko kwa shemeji yangu, Tabata. Anayeitaka baada yake anijulishe mapema, na aje na kalamu yake.